Morris yupi? Kupanga waandishi wa katiba na washairi wenye jina moja la ukoo

Ujumbe wa Pennsylvania kwenye mkutano wa katiba wa Philadelphia, mwaka 1787, ulikuwa na akina Morris wawili, na hawakuwa na udugu wowote. Gouverneur Morris (1752–1816) ndiye aliyeipa katiba ya Marekani maneno yake ya mwisho. Robert Morris (1734–1806) alikuwa mfanyabiashara na mtu wa fedha. Alitia saini, ila kalamu ya rasimu haikuwa yake. Sasa hamia kwenye rafu ya ushairi. Yupo William Morris (1834–1896) wa Uingereza, George Pope Morris (1802–1864) wa Marekani, Sir Lewis Morris (1833–1907) wa Wales, na Lewis Morris mwingine wa Wales (1701–1765), ambaye huyo Sir ni kitukuu wake. Ukiandika "Morris" peke yake kwenye faharasa, hujamtaja mtu.

Kutenganisha wajina ni kazi inayoonekana ndogo mpaka uianze. Na waandishi wa katiba wakiwekwa pamoja na washairi, usumbufu huzidi, kwa sababu makundi yote mawili huitwa kwa jina la ukoo tu: rasimu ya fulani, beti za fulani. Halafu wapo waliokaa pande zote mbili. Yafuatayo ni ya mtu anayetengeneza faharasa ya kitabu, orodha ya maktaba, au ukurasa mmoja unaokusanya wote wenye jina hilo.

Nani anaingia kama mwandishi wa katiba

Anza hapa, kabla hujakusanya hata jina moja. Orodha nyingi huharibika kwa kumhesabu kila aliyekuwemo ukumbini. Philadelphia walihudhuria wajumbe 55, na saini zilizopo kwenye waraka ni 39. Lakini rasimu ya kwanza kamili iliandikwa na kamati ya watu 5 (Rutledge, Randolph, Ellsworth, Wilson na Gorham) na ikasomwa tarehe 6 Agosti ikiwa na ibara 23. Tarehe 8 Septemba ikaundwa kamati nyingine ya watu 5, ya kunyoosha lugha: Johnson, Hamilton, Madison, King na Gouverneur Morris. Siku nne baadaye ibara 23 zilikuwa zimekuwa 7. Rasimu ya Agosti ilianza kwa kuyataja majimbo moja moja. Morris aliyafuta yote akaweka watu wa Marekani kwa ujumla wao. Huyo ni mwandishi wa katiba kwa maana kamili.

Kwa hiyo gawa ngazi nne na umwandikie kila mtu ngazi yake: aliyeshika kalamu, aliyekaa kwenye kamati ya rasimu, aliyekuwa mjumbe wa bunge la katiba au mazungumzo, na aliyetia saini tu. Mtu anaweza kuwa na ngazi mbili. Asiyekuwa na hata moja aondoke, hata kama vitabu vya shule vinamwita "baba wa taifa".

Usidhani ngazi ya kwanza iko ndani ya ya tatu. Bunge la katiba la India lilikuwa na wajumbe 299 baada ya nchi kugawanyika, na kamati yake ya rasimu, iliyoundwa tarehe 29 Agosti 1947 chini ya Ambedkar, ilikuwa na watu 7. Rasimu ya kwanza yenyewe, ya Oktoba 1947, yenye ibara 243, iliandaliwa na Benegal Narsing Rau (1887–1953), mshauri wa masuala ya katiba ambaye hakuwa mjumbe wa bunge hilo. Ukichuja kwa orodha ya wajumbe, unamtupa nje mtu aliyeanza kuandika.

Saini nayo ina hila zake. John Dickinson (1732–1808), mjumbe wa Delaware, aliondoka Philadelphia mapema kwa ugonjwa na kumwomba George Read amwandikie jina. Saini ya Dickinson ipo, mkono wake haupo. Na hapo hapo, Dickinson huyohuyo ndiye aliyeandika rasimu ya Mkataba wa Shirikisho wa mwaka 1776, waraka uliotangulia katiba ya sasa. Kwa hiyo ana ngazi ya kwanza kwa waraka mmoja na nyingine kabisa kwa waraka wa pili. Hii ndiyo sababu neno "mwandishi wa katiba" peke yake halitoshi kwenye ingizo. Taja waraka na mwaka. Tangazo la Uhuru la 1776 si katiba, na kulitia saini hakumfanyi mtu mwandishi wa katiba. Lewis Morris (1726–1798), ndugu wa Gouverneur kwa baba, anaingizwa kimakosa mara nyingi kwa kosa hilo moja.

Na nani anaingia kama mshairi

Kipimo cha kufaa ni diwani, au mashairi yaliyochapishwa na kuendelea kusomwa kama mashairi. Kutunga peke yake hakutoshi. John Dickinson alitunga wimbo wa kisiasa mwaka 1768 ulioimbwa sana katika makoloni. Bado ni mwanasheria aliyetunga wimbo. Mshairi wa jina hilo ni Emily Dickinson (1830–1886), aliyeacha mashairi karibu 1,800 huku yaliyochapwa akiwa hai yakihesabika kwa vidole. Itō Hirobumi wa Japani alikuwa akiandika mashairi ya mtindo wa Kichina kama walivyofanya wakuu wengi wa wakati wake. Ukiwaingiza wote wa namna hiyo, safu ya washairi itajaa mawaziri.

Mashairi ya Emily yana jambo moja linalokwaza watengenezaji wa faharasa. Hayana majina, hivyo hutajwa kwa namba, na namba ziko za aina mbili: za toleo la mhariri Johnson la mwaka 1955 (mashairi 1,775) na za toleo la mhariri Franklin la 1998 (1,789). Namba bila herufi ya toleo haisaidii kitu. Weka J au Fr mbele yake.

Sehemu za ingizo moja

Ingizo zuri lina sehemu tano, na maneno yasizidi 25: jina la ukoo, majina mengine yote, miaka ya kuzaliwa na kufa, nchi au lugha, kisha kazi pamoja na waraka au diwani. Kwa mfano:

MORRIS, Gouverneur (1752–1816). Marekani. Kalamu ya rasimu ya mwisho ya Katiba ya Marekani, Septemba 1787.

MORRIS, Lewis (1701–1765). Wales. Mshairi wa Kiwelisi.

MORRIS, Lewis, Sir (1833–1907). Wales. Mshairi wa Kiingereza. Kitukuu wa aliyetangulia.

Miaka ndiyo inayobeba mzigo. Majina mawili hayatoshi: babu yake Gouverneur aliitwa Lewis Morris (1671–1746), baba yake Lewis Morris (1698–1762), na ndugu yake, kama tulivyoona, Lewis Morris. Ongeza wale wawili wa Wales, unapata watu watano ambao nukta na koma haziwezi kuwatenganisha. Cheo cha Sir kiwekwe mwisho, baada ya jina, kisiingie kwenye mpangilio wa alfabeti.

Kwa waliozaliwa Uingereza au kwenye makoloni yake kabla ya 1752, angalia kalenda. Mwaka wa zamani ulianza tarehe 25 Machi, si 1 Januari. Mtu aliyezaliwa Februari anaweza kuwa na mwaka mmoja katika kitabu cha parokia na mwingine katika kamusi ya wasifu, na vyote viwili viko sahihi kwa kalenda yake. Usimgawe kuwa watu wawili. Tumia mwaka wa kalenda mpya mahali pote.

Jina la kwanza "Gouverneur" lenyewe ni mtego. Ni jina la ukoo wa mama yake, Sarah Gouverneur, si cheo. Programu za kutafsiri humgeuza kuwa "Gavana Morris", na ubaya ni kwamba Gavana Morris yupo kweli: babu yake, aliyekuwa gavana wa New Jersey. Kosa la namna hii halionekani kwa macho, kwa sababu linampata mtu halisi.

Pale ambapo jina la ukoo haliko mwishoni

Katiba ya Japani iliyotangazwa tarehe 11 Februari 1889 iliandikwa na Itō Hirobumi (1841–1909) akisaidiwa na Inoue Kowashi, Itō Miyoji (1857–1934) na Kaneko Kentarō (1853–1942). Kijapani huanza na jina la ukoo. Ukichukua neno la mwisho, kama programu nyingi zinavyofanya, utapata "Hirobumi" na "Kentarō" kama koo. Vitabu vya Kiingereza vya zamani navyo viliwageuza, "Hirobumi Ito", kwa hiyo katika chanzo kimoja unaweza kukuta mtindo wa kwanza, na katika kingine wa pili. Chagua mtindo wa Kijapani, andika ukoo kwa herufi kubwa, yaishe.

Upande wa washairi, jina la Kaneko lina watu wazito: Kaneko Mitsuharu (1895–1975), Kaneko Misuzu (1903–1930), na bingwa wa haiku Kaneko Tōta (1919–2018). Wote pamoja na Kentarō huandika ukoo kwa maandishi yaleyale, 金子. Akina Itō ni habari nyingine. Itō Hirobumi anaandikwa 伊藤. Itō Miyoji, aliyekaa naye meza moja, anaandikwa 伊東. Ni koo mbili tofauti zinazotamkwa sawa na kuandikwa sawa kwa herufi za Kilatini. Kwa washairi, Itō Sachio (1864–1913) na Itō Hiromi (aliyezaliwa 1955) ni 伊藤. Itō Shizuo (1906–1953) ni 伊東. Ukurasa unaodai kukusanya "wenye jina moja la ukoo" hauna budi kuwagawa hapo, vichwa viwili vidogo, la sivyo unasema uongo kwa watu watano.

Hirobumi na Hiromi wanatofautiana kwa herufi mbili, na kisanduku cha kutafutia kinachokisia majina huwachanganya kwa urahisi. Mmoja ni waziri mkuu wa karne ya 19, mwingine ni mshairi mwanamke wa zama zetu. Miaka itakuokoa.

Damu pia usiikisie hapa. Hirobumi alizaliwa katika ukoo wa Hayashi; familia yake iliingia kwa akina Itō kwa kuasiliwa. Kaneko Mitsuharu naye alikuwa mtoto wa kulelewa aliyechukua jina la walezi. Jina moja linaweza kuwa limefika kwa njia ya karatasi.

Hispania inataka utaratibu wake. Rasimu ya katiba ya 1978 iliandikwa na watu 7, mmoja wao Gabriel Cisneros Laborde (1940–2007). Mhispania ana koo mbili, ya baba kwanza kisha ya mama, na huingizwa kwa ya baba. Laborde ni upande wa mama. Anayemweka kwenye L amekosea. Ila usilifute, maana ndilo linalomtenga na Antonio Cisneros Campoy (1942–2012), mshairi wa Peru. Sandra Cisneros (aliyezaliwa 1954), mshairi na mwandishi wa Marekani, hutumia jina moja tu la ukoo kwa desturi ya nchi yake, hivyo kwake unategemea mwaka. Kardinali Cisneros wa karne ya 16 ataletwa na kila utafutaji. Ukoo wake ni Jiménez de Cisneros, anakwenda J, na kwenye ukurasa huu anapata mstari mmoja wa "tazama", yaani unaomwelekeza msomaji kwenye ingizo lenyewe. Katika wenzake Gabriel, Peces-Barba na Pérez-Llorca wana kistari, wakati Solé Tura hana. Nakili kistari kama kilivyo. Ukikiweka pasipo nacho, unamtengenezea mtu ukoo mpya.

India nitapita haraka. B. N. Rau na B. Shiva Rao walikuwa ndugu wa tumbo moja, wa familia ya Benegal, na tahajia zao ni mbili. N. Madhava Rao, aliyeingia kamati ya rasimu kuziba nafasi, si wa familia hiyo. Mshairi wa Kitelugu anayejulikana kama Sri Sri (1910–1983) ni Srirangam Srinivasa Rao, na kwa desturi ya Kitelugu ukoo wake ni Srirangam, neno la kwanza. Rao ni mkia wa heshima. Kwa hiyo ukurasa wa "Rao" unaoungwa kwa tahajia hukusanya wasiohusiana na kumwacha nje ndugu. Weka tahajia zote (Rau, Rao, Row) chini ya kichwa kimoja, kisha andika ukoo halisi ndani ya ingizo.

Majina ya kwetu

Kwa majina ya Waswahili, "jina la ukoo" mara nyingi ni jina la baba au la babu. Tazama neno Said. Katika Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Tanzania, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, walikuwamo Awadh Ali Said na Fatma Said Ali. Kwa huyu wa kwanza neno hilo liko mwishoni, kwa huyu wa pili liko katikati kama jina la baba. Mshairi na mwandishi Said Ahmed Mohamed, mwenye diwani ya *Sikate Tamaa* na *Kina cha Maisha*, ana neno lilelile kama jina lake mwenyewe. Mashine ya kukusanya itawaweka wote watatu kapu moja. Hakuna jina la ukoo hapo.

Tena Said Ahmed Mohamed huandika makala za kitaaluma kama Said A. M. Khamis. Orodha inayofuata neno la mwisho humfanya watu wawili, Mohamed wa riwaya na mashairi, Khamis wa uhakiki, na kuna wanafunzi wanaomnukuu huyu wa pili kama mhakiki wa yule wa kwanza bila kujua ni mtu mmoja.

Maoni yetu ni haya: mtu mwenye majina ya mfululizo wa baba na babu aingizwe kwa jina lake la kwanza, jina zima lifuate bila koma, na pawepo "tazama" kutoka kwenye neno la mwisho. Maktaba nyingi za nje zinafanya kinyume, na hatuwezi kujifanya hazipo, ndiyo maana "tazama" ni ya lazima. Shaaban Robert (1909–1962) utamtafuta kwenye R na kwenye S. Ukurasa wako umpate kwa njia zote mbili. Majina yenye nisba (jina linaloonyesha kabila au mahali pa asili), kama Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, yapangwe kwa G ukitumia nisba, wala si kwa A ya "al".

Tahajia ndiyo inayoumiza zaidi. Abdirashid Abdullahi alikuwa katika Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu ya katiba ya Kenya ya 2010. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, ni mshairi wa *Sauti ya Dhiki*. Abdullahi na Abdalla ni jina moja la Kiarabu lililopita kwenye masikio tofauti, na wenye majina hayo hawana udugu. Sasa geuza shilingi. Ndugu wa Abdilatif ni Ahmad Nassir, malenga aliyetambulika sana, na Sheikh Abdillahi Nassir, aliyeshiriki mazungumzo ya katiba ya Kenya kule Lancaster House, London, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumba moja, washairi wawili na mjumbe mmoja wa mazungumzo ya katiba, na kwa kufuata neno la mwisho hawakutani kwenye ukurasa wowote. Kwa hali kama hii ingizo lipate sehemu ya sita, "ndugu wa", pamoja na jina kamili.

Washairi wetu wana lakabu pia. Andanenga alitumia "Sauti ya Kiza", na mashairi ya magazetini hubeba lakabu kuliko jina. Lakabu iwe "tazama", isiwe ingizo. Vivyo hivyo kwa Hasrat Mohani, mshairi wa Kiurdu aliyekuwa mjumbe wa bunge la katiba la India: Mohani imetokana na mji wa Mohan alikozaliwa, na jina alilopewa ni Syed Fazl-ul-Hasan. Kumtafutia jamaa wa ukoo wa "Mohani" ni kupoteza muda.

Sheikh Kaluta Amri Abedi (1924–1964) anastahili angalizo. Aliandika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954) na baadaye akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Neno "sheria" mara mbili katika maisha ya mtu mmoja, na uainishaji wa kimashine humpeleka kwa wanasheria. Kitabu ni cha vina na mizani. Mwandishi wa katiba hakuwa.

Udugu uandikwe pale tu unapothibitika

Mfano safi wa udugu wa kweli ni Norway. Nicolai Wergeland (1780–1848) alikuwa mjumbe wa bunge la katiba la Eidsvoll mwaka 1814, kati ya wajumbe 112, na mwanawe Henrik Wergeland (1808–1845) ndiye mshairi. Jina lenyewe lilitokana na shamba, na waliolibeba ni wachache, hivyo hatari ya kuchanganya ukoo ni ndogo. Hatari iliyopo ni nyingine: baba alikuja kuwa mchungaji wa Eidsvoll, mtoto akakulia huko na kuwa mpigania mashuhuri wa sherehe za tarehe 17 Mei, siku ya katiba, mpaka wasomaji wakamdhania mtunga katiba. Katiba ilipopitishwa Henrik hakuwa hata ametimiza miaka sita. Na dada yake, mwandishi Camilla Collett, hatatokea kabisa kwenye ukurasa wa Wergeland kwa sababu ya jina la ndoa. Mwekee "tazama".

Kwa akina Dickinson ni kinyume. John alitoka kwa wakulima wa tumbaku wa Maryland wenye asili ya Kikweka. Emily kwa Wapuritani wa Massachusetts. Jina ni la kawaida Uingereza, na familia ziliingia Marekani kwa milango tofauti. Kimya kwenye ingizo hakitoshi hapa, kwa sababu msomaji atakisia; andika waziwazi "hawana udugu wa karibu". Maneno manne, yanazuia barua kumi.

Akina Murray, na safu mbili zinapogongana

Ukitaka kujaribu kama mpangilio wako unafanya kazi, uendeshe juu ya jina Murray. Christina Murray, profesa wa sheria wa Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa wataalamu walioshauri bunge la katiba la nchi yake katika miaka ya 1990, kisha mmoja wa wataalamu wa nje katika Kamati ya Wataalamu ya Kenya, kisha kamishna wa tume ya katiba ya Fiji mwaka 2012. Nyaraka tatu, nchi tatu. Ingizo lake linahitaji mistari mitatu yenye ngazi tatu, si neno "mtaalamu wa katiba".

Les Murray (1938–2019) ni mshairi wa Australia. Ungempeleka safu ya washairi na kuendelea na mengine, ila mwaka 1999 waziri mkuu John Howard alimwita washirikiane kuandika dibaji mpya ya katiba ya Australia. Rasimu yao ya Machi mwaka huo ilikosolewa vikali, ikaandikwa upya, na dibaji iliyopelekwa kwenye kura ya maoni ya tarehe 6 Novemba 1999 ilikataliwa kwa zaidi ya asilimia 60. Je, ni mwandishi wa katiba? Kwa ngazi zetu alishika kalamu, lakini ya maandishi ambayo hayakuwa sheria. Jibu letu ni kumweka kwenye ushairi na kuongeza "rasimu ya dibaji, 1999, haikupitishwa". Anayefuta hilo anaficha jambo. Anayempandisha cheo kuwa mwandishi wa katiba naye anatia chumvi.

Hapo ndipo mpangilio wa safu mbili, waandishi wa katiba kushoto na washairi kulia, unapovunjika. Léopold Sédar Senghor na Aimé Césaire walikuwa wajumbe wa mabunge ya katiba ya Ufaransa ya 1945–46 na washairi wakubwa kwa wakati mmoja. Tumia orodha moja ya alfabeti, kazi iwe sifa ndani ya ingizo, mtu aruhusiwe kuwa na sifa mbili. Ukurasa ukizidi majina kama 15 gawa kwa nchi, usigawe kwa kazi.

Na kuna Les Murray wa pili (1945–2017), mtangazaji wa soka wa Australia aliyezaliwa Hungary kwa jina László Ürge. Zama moja, nchi moja, jina lilelile. Picha zao hubadilishana mara kwa mara. Kabla ya kuweka picha, soma maelezo ya chanzo chake cha kwanza, usiamini jina la faili.

Ukaguzi wa mwisho

Kila mtu apewe namba ya kumtambulisha, si jina tu. ISNI, namba ya kimataifa ya kuwatambulisha waandishi na watunzi, ina tarakimu 16, na ya mwisho ni ya kukagua, inaweza kuwa herufi X. Ukiona X usidhani ni kosa la chapa. VIAF, hazina ya mtandaoni ya majina ya waandishi, hukusanya rekodi za maktaba za mataifa, lakini ukusanyaji wenyewe hufanywa na programu, na wajina wa zama moja wanaweza kuunganishwa. Dalili ya muunganiko mbaya ni rahisi kuiona: kitabu kilichotoka kabla mwenyewe hajazaliwa, lugha ambayo hakuandika, au miaka miwili ya kifo. Ukikuta mojawapo, fungua rekodi ya maktaba ya taifa lake na uchukue namba ya huko.

Kisha panga upya alfabeti ukiwa umezima alama za juu. Programu fulani huziweka ō na é baada ya z, na Itō akaishia chini ya Itzhak. Walio hai waachwe na mwaka wa kuzaliwa na kistari bila kitu mbele yake, na kila mwaka mtu aipitie mistari hiyo yenye kistari kitupu kabla ya kitu kingine chochote.